Siku Mama Mkwe Alipowapalilia Wanangu

Jamani, hebu niambieni. Ungerudi nyumbani ukamkuta mama mkwe wako kalala kifudifudi kibarazani, kibano mkononi, anawang'oa wanao mmoja mmoja huku anaimba, ungefanyaje?

Mimi nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa vitunguu, mdomo wazi.

"Umerudi?" akasema bila kugeuka. "Njoo ukae. Leo nimekupunguzia kazi."

Weee!

Kabla hamjaita polisi, niwaeleze. Wanangu ninaowasema ni miche.

Naitwa Chinatsu, naishi Takatsuki, ghorofa ya nne, na mume wangu Yasuhiko. Ugonjwa wangu mimi ni mimea inayokula wadudu, hasa mosengoke. Ni kimmea chekundu, kidogo, majani yake yana vinywele, na kila kinywele kina tone la ulimbo linalometameta. Inzi akitua pale kwisha habari yake.

Mbegu zake ni vumbi. Ukipiga chafya umefilisika.

Hizi zangu alinipa Mzee Kurumada wa kwenye chama chetu cha wapenda mimea hiyo. Zilitoka kwenye kinamasi cha kwao, ambacho kilishafukiwa kitambo, siku hizi watu wanaegesha magari.

"Zangu zimeoza zote," aliniambia. "Zilizobaki duniani ni hizo mkononi mwako. Usizembee, binti."

Sikuzembea. Majira yote ya baridi zililala kwenye friji, pembeni ya figili za kuchachusha, maana bila baridi haziamki. Siku moja Yasuhiko almanusura azimwage kwenye tambi akidhani ni pilipili. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Baridi ilipokwisha nikazipanda juu ya koke, kwenye trei kibarazani. Koke ni ule utando laini wa kijani unaoota penye unyevunyevu. Maji ya bomba yanaziua, kwa hiyo nikawa nakinga ya mvua kwa ndoo. Majirani wakaanza kunisalimia kwa huruma.

Zikaota! Vijiche vidogo kuliko kichwa cha pini, vyekundu. Niliruka ruka jikoni peke yangu kama chizi.

Sasa tuje kwa Mama.

Mama mkwe wangu, Tsuyako, alifanya kazi moja tu maishani. Alikuwa akipalilia bustani ya koke kwenye hekalu moja huko Kyoto. Unapiga magoti, unashika kibano, unang'oa kila kisicho koke, na koke lenyewe lisijue kama ulipita. Baba mkwe akafariki, magoti ya Mama nayo yakagoma, tukamleta kwetu.

Akaja, akakaa. Ndiyo hivyo tu, akakaa.

Akigusa sahani, mimi: "Mama, pumzika." Akishika fagio, Yasuhiko: "Mama, acha, utaanguka." Ikawa ni kutazama ukuta. Chakula anadonoa. Mwisho akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, na wifi yangu Misao atakuja na gari Jumapili kumchukua.

"Hapa sina kazi," alisema. "Asiye na kazi ni mgeni. Mgeni haondoki?"

Yasuhiko alijifungia chooni akalia. Mimi nilizika mama yangu mapema, na huyu alikuwa ameanza kuniita mwanangu. Sikutaka aende. Nilimbembeleza, wapi!

Haya, turudi kibarazani.

Kwenye trei yangu nilichomeka kijibao: Mosengoke. Mosen ni zulia jekundu. Goke ni koke lile lile, limebadilika kidogo mdomoni. Aliyekipa jina kimmea hicho alikiona kwa mbali kimetanda, akadhani koke. Si koke hata chembe! Lakini mchukue mtu aliyepalilia koke maisha yake yote, muonyeshe kijibao kinachosema koke la zulia, na chini yake koke safi limevamiwa na vitakataka vyekundu. Atafanya nini?

Atapalilia!

"Mwanangu," akaniambia, macho yamejaa furaha, "kumbe ulikuwa unanitengenezea bustani kimyakimya! Ukaificha nyuma ya kiyoyozi ili unishtukize."

Nikatazama trei. Kijani kitupu. Mzee Kurumada kaniambia ndizo za mwisho duniani.

Nikamtazama Mama. Mashavu yamepata damu. Tangu ahamie kwetu sikuwahi kumsikia akiimba.

Ukweli ulinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza.

"Ndiyo, Mama. Ni yako."

Kisha nikaingia kuoga, nikalia ndani ya maji mpaka yakapoa.

Wiki ile Mama alibadilika. Akawa anaomba wali wa kuongeza. Kila asubuhi yuko kibarazani na kibano, anakagua trei ile tupu kama mkaguzi. Akanigombeza kwamba nakata figili ovyo kama nina ugomvi nazo. Jamani, raha iliyoje kugombezwa na mtu uliyedhani anaondoka!

Lakini roho ilikuwa inaniuma. Simu ya Mzee Kurumada nikawa naikimbia.

"Mwambie mama yako ukweli," nikamwambia Yasuhiko.

"Aliyedanganya ni nani? Mwambie mwenyewe," akajibu, huku anacheka. Nikamnunia siku nzima.

Jumapili ikafika, na Misao naye. Misao ni mwalimu wa shule ya msingi, na mdomo wake hauna breki.

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani? Huoni nina kazi?"

Misao akachungulia trei, akasoma kijibao, akashika kichwa.

"Mama! Mosengoke si koke! Ni mmea unaokula inzi, hata wanafunzi wangu wanaujua! Umeng'oa mmea ukaacha matandiko yake!" Akanigeukia. "Na wewe wifi umenyamaza tu?"

Nikaanguka magotini, paji la uso sakafuni. "Mama, nisamehe. Nilikudanganya."

"Inuka bwana, sakafu sijaifuta," Mama akasema. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ile ile. Magugu yote ya Kyoto nayajua kwa majina. Hili ndilo la kwanza kuning'ang'ania kibano. Nikasema mh, hili nalo linanitaka nini? Mara ukaingia wewe, na uso kama umemeza kokwa. Nikamuuliza Yasuhiko. Alicheka mpaka akakaa chini."

Nikamgeukia mume wangu. Anakagua dari.

Mama akavuta visanduku vya plastiki vya tofu, ile jibini ya soya, kutoka nyuma ya mashine ya kufulia. Kumbe ndiyo maana wiki nzima tulilishwa tofu asubuhi na jioni! Ndani kuna koke, na juu yake wanangu, wamepandwa upya kwa kibano, mistari imenyooka kama shamba la mpunga. Wengine wamenyauka. Wengi wameshaanza kutoa ulimbo.

Nikalia tena, safari hii mbele za watu.

"Sasa Mama, si ungeniambia? Nimekonda!"

Akakiweka kibano chini.

"Tangu baba yenu afe, wote mnaniambia ukweli tu. Mama umezeeka. Mama utaanguka. Mama kaa. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunidanganya. Wewe umeona wanao wamekufa, ukaniambia bustani ni yangu. Nikasema, acha niufaidi uongo huu japo mpaka Jumapili."

Misao alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba, haioni.

"Na jina mimi nililisoma vizuri tu," Mama akaendelea, uchokozi umemjaa. "Neno goke si maana yake mjane pia? Mjane wa zulia jekundu! Amekaa kimya, amejipamba, anayemsogelea hatoki. Wewe Misao ulikuja kunichukua, sasa vua koti, unakula hapa hapa."

"Na gari nililoliwasha asubuhi yote hii?"

"Likaninunulie kibano chenye ncha nyembamba. Hiki kinaniumizia watoto."

Mama yupo mpaka leo. Yeye na Mzee Kurumada wanabishana kwenye simu kuhusu maji ya mvua, na mimi kwenye kibaraza changu mwenyewe siku hizi naingia kwa ruhusa.

Funzo nililopata ni hili, ndugu zangu. Mzazi ukimwambia "pumzika" kila saa, yeye anasikia "ondoka." Mpe kazi, hata kama atakung'olea unachokipenda.