Wanaosikiliza kwa Nyayo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Funguo anapiga deki ukumbi wa zamani wa mtaa. Anafuata ubao mmoja baada ya mwingine. Msumari ukichomoza, anainama na kuugonga kwa nyundo ndogo aliyoichomeka kiunoni.

Miaka kumi na tisa amekuwa mwangalizi wa jengo hili. Nje, mtaa unazaliwa upya: maghala matupu yamebomolewa, ghorofa zinaota kama uyoga. Sasa ni zamu ya ukumbi. Mahali pake patajengwa kituo kipya cha utamaduni.

Mchoro wa kwanza ulipobandikwa ukutani, Mama Funguo aliusoma wiki nzima. Jukwaa la kisasa lilimvutia. Lakini sakafu ya zege iliyotandikwa zulia ilimkera rohoni.

Kila Alhamisi, wacheza ngoma viziwi hufanya mazoezi humu, na sikuzote huvua viatu. Mwanzoni alidhani ni adabu tu. Siku moja udadisi ulimshinda, akavua vyake, akasimama katikati yao. Ngoma ilipopigwa, mdundo ulipanda kutoka kwenye mbao hadi magotini.

"Hapo ndipo nikajua, kumbe wenzetu wanasikiliza kwa nyayo," anasema.

Kwenye mkutano wa wakazi alinyoosha mkono, akaomba sakafu ya mbao ibaki. Msanifu majengo, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alimweleza kwa upole kuwa zege hudumu zaidi. Mama Funguo hakubishana. Alimwomba tu aje Alhamisi, tena aje bila haraka.

Msanifu alikuja. Akavua viatu, akafumba macho, akasimama hadi ngoma ikaisha. Kisha akaketi sakafuni na kuuliza maswali kwa saa mbili: kwa nini wanakwaya wa mtaa wanajifunzia kwenye ngazi, kwa nini jukwaa lina vumbi.

"Mwanangu, jukwaani tunapanda mara nne kwa mwaka," Mama Funguo alimjibu. "Siku nyingine zote watu wanahangaika kutafuta pa kujifunzia."

Mchoro mpya ulitoka mwezi uliopita. Viti mia nne vya mchoro wa kwanza vimepungua hadi mia na themanini. Nafasi iliyopatikana itakuwa vyumba vinne vya mazoezi, kimoja kikitandikwa mbao hizi hizi.

"Nilikuja kumwelimisha mama, nikaelimishwa mimi," msanifu anakiri.

Kama Mama Funguo ataajiriwa kwenye kituo kipya, bado hajaambiwa. Hilo halimzuii kupanga. Kiongozi wa kundi la wacheza ngoma viziwi anamfundisha lugha ya alama. Ameshajua alama arobaini, na akikosea, kundi zima hushika mbavu kwa kicheko.

"Miaka yote hii nimewafungulia mlango tu," anasema. "Siku ya ufunguzi nataka niwakaribishe kwa lugha yao. Na wakinijibu, nielewe."