Aliyeingia kwa Herufi Sita

Nianze kwa kukwambia kwamba sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na kanisani kwetu hata pombe ya asali hatuonji. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mawili, jua likiwa bado linawaka. Ukitaka kucheka, cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku ile, niamini, sikucheka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana, sijaolewa, nikifundisha shule ya msingi huko Nuu. Nyumba niliyopewa ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na nyuma yake kichaka tu. Likizo ya Agosti walimu wenzangu walienda kwao wote. Mimi nilibaki kwa sababu mchumba wangu, Mutua, alikuwa na mjomba mmoja mkali kutoka Mbooni, na huyo mjomba alisema kwamba kabla mbuzi hawajapelekwa kwa baba yangu, lazima aje kwanza aone msichana huyu anaishi vipi akiwa peke yake. Alikuwa anafika kesho yake. Unaelewa nilivyokuwa? Nilifagia ua mpaka ukang'aa. Mama Mwende, jirani yangu na kiongozi wa akina mama kanisani, alikuwa ameahidi kuja jioni tupike pamoja.

Nilipomaliza kazi nilikaa kwenye kigoda ndani ya mlango, nikafungua gazeti kwenye fumbo la maneno. Sisemi yale mafumbo rahisi ya kuulizwa mji mkuu wa Uganda. Hili lilikuwa jeuri. Sehemu moja ya swali ilikupa maana ya jibu, sehemu nyingine ilikupa njia ya kulipata, halafu zote mbili zimeshonwa pamoja zionekane kama habari ya kawaida. Kwa mfano waliuliza: "Mnyama juu ya nyumba, herufi tatu." Ukifikiria paka, umepotea. Jibu ni paa. Kuna paa wa porini, na kuna paa la nyumba. Hilo nililipata mwenyewe, nikajiona msomi.

Nikasikia hodi. Sauti ya mwanamume.

Sasa, msichana aliye peke yake, tena mjomba wa mchumba anakuja kesho, hawezi kumwambia mwanamume asiyemjua aingie. Niliuliza anamtaka nani. Nikainua macho, nikaona mtu wa makamo amesimama hatua moja tu nje ya kizingiti, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu mpaka magotini, kama walimu wa zamani. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia gazeti.

Aliniuliza nimefika wapi. Nikamwambia nimekwama kwenye "Amani ikirudi nyuma, shusha kichwa, herufi tano." Akacheka kwa adabu, akasema niisome amani kutoka mwisho. Nikaisoma: I, N, A, M, A. Inama! Jamani, nilifurahi. Miezi minane Nuu, na sijapata mtu hata mmoja wa kuzungumza naye mambo haya. Nilisahau kabisa kwamba ni mgeni, nikaanza kumsomea maswali, naye anayafungua moja moja, akieleza kila kipande kinafanya kazi gani. Lakini hakukanyaga kizingiti. Nilimwona ana heshima sana.

Likabaki swali moja. "Kaburi likivurugwa, mwenye nyumba hulitamka kwa furaha, herufi sita."

Mimi nilikuwa nawaza maiti, sanda, majembe. Akanizuia. Akasema nisitafute mtu aliyekufa humo, hayumo. Nichukue herufi za neno kaburi, nizitikise kama maharagwe kwenye uteo, nione zitaanguka vipi. Nikazitikisa. K, A, kisha R...

"Karibu," nikasema kwa sauti, nimejaa furaha.

"Asante, mwalimu," akasema, akaingia.

Wakati huo huo kuku wangu mmoja alikuwa anatoka, wakakutana mlangoni. Yule kuku akapita katikati ya mguu wake. Sikiliza vizuri. Sikusema katikati ya miguu. Nimesema ya mguu.

Wakamba tunawaita aimu, hao waliokufa wakakataa kwenda. Nilikuwa nimesikia habari zao tangu utotoni, na kila mara nilijiambia kwamba nikikutana nao nitakimbia. Lakini ukimbie kwenda wapi, nyumba ukimwachia yeye, na mjomba anakuja kesho? Aliketi kwenye kiti changu kizuri, kile nilichokitandikia kitambaa kwa ajili ya mjomba, akaanza kunieleza upya mafumbo yote tuliyokwisha kuyafungua. Ndiyo, yale yale. Nilianza kuomba kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amina, kisha akanionyesha mahali nilipokosea ngeli.

Nilimsihi atoke. Nikamweleza habari za mjomba na posa yangu. Akanionea huruma ya kweli, niliiona usoni mwake. Akasema, "Niliingia kwa neno, mwalimu. Bila neno siwezi kutoka, hata nikitaka." Nikamwambia toka. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema haitoshi kuambiwa. Fumbo lazima lifunguliwe.

Hapo nikasikia Mama Mwende anakohoa uani. Akaita akisema anasikia sauti ya mwanamume humu ndani, na je, mwalimu ana mgeni? Yule kwenye kiti, kwa adabu zake, akafungua mdomo amsalimie.

Ndugu yangu, akili ya mtu aliyebanwa hutoka wapi? Nilitafuta neno lolote lenye herufi za toka, na hapakuja kichwani ila moja. Nikapiga kelele:

"Tako likivurugwa, mgeni afanye nini? Herufi nne!"

Macho yake yakang'aa. Nadhani alikuwa anajua nimemtega, lakini mtu wa namna ile akiona fumbo hajizuii. Midomo ikaanza kuzipanga. "T," akasema taratibu, "O..." Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyepita mtihani. "Toka," akasema. Kiti kikawa kitupu, kitambaa hakijakunjamana hata kidogo.

Nikageuka. Mama Mwende alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake. Yeye hakuona mtu. Alichokiona ni mwalimu wa watoto wake, peke yake chumbani, anakipigia kiti kelele kuhusu matako.

Alinipikia hata hivyo. Nilipomweleza, aliketi chini. Akaniambia kaptula ile anaijua, na soksi zile pia. Mgeni wangu alikuwa mwalimu Nzioka, aliyeishi nyumba ile kabla ya Uhuru, mtu mwema ila watu walikuwa wakimwona sokoni wanabadilisha njia, maana akikushika atakueleza fumbo mpaka giza. Malaria ndiyo iliyomwua. Waliokuwa karibu na kitanda walisema alifia katikati ya maelezo.

Mjomba alifika asubuhi, na habari ilikuwa imemtangulia stendi. Alinihoji mbele ya Mama Mwende kama ni kweli nilitamka neno lile. Nikasema ni kweli. Posa ikaahirishwa mpaka mwaka uliofuata, na mchungaji aliniombea Jumapili kadhaa kwa jina, mbele ya watu wote. Mutua alingoja. Ndiye mume wangu mpaka leo.

Lakini sikupona kabisa. Wageni wakipiga hodi kwangu huwaambia, "Ingieni kama ni ninyi," na ndugu za Mutua mpaka sasa husema mke wao hana adabu. Na darasani, nikiuliza swali gumu na watoto wote wakinyamaza, mara nyingine nilikuwa nikisikia nyuma kabisa, karibu na dirisha, mtu anasafisha koo.

Basi wewe unayependa mafumbo, yapende tu, sikukatazi. Shika kalamu yako, jaza miraba yako. Ila jibu liandike. Usilitamke.