Kifaa cha Kumfaa Dani

Katika kwaya ya akina mama ya kanisa letu huko Muhuru Bay kuna ubeti mmoja ambao dani, yaani nyanya yangu, huuimba peke yake. Huo ubeti ni wake kama meno yalivyo yake. Lakini miaka mingi ya kukausha samaki kwa moshi ilimharibia mapafu, na mwaka huu alipofika katikati alikata pumzi, akasimama mdomo wazi kama samaki mbuta aliyetupwa mchangani. Mwalimu wa kwaya akasema kwa upole kwamba hali ikibaki hivyo mpaka makambi ya kanisa huko Homa Bay, ubeti utaimbwa na wifi ya dani. Huyo wifi akiimba, mimi huangalia kwanza kama kuna mbuzi amenasa kwenye ua. Alianza mazoezi siku hiyo hiyo, tena karibu na dirisha letu.

Ndiyo maana tukaenda kliniki ya kifua Migori. Nilitumwa nimsindikize kwa sababu nina pumu tangu utotoni, kwa hivyo familia inaniona profesa wa kuvuta dawa. Cheo hicho sikukikataa.

Daktari alikuwa kijana mwenye masharubu aliyoyalea vizuri. Alipanga vifaa mezani, akaeleza kwamba dawa nzuri ziko nyingi, kazi ni kupata kifaa ambacho mikono na pumzi za mgonjwa zinakimudu. Akaanza na pampu kama yangu: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole. Dani akatikisa hadi bangili zikalia, akabonyeza, akafikiria kidogo, halafu ndiyo akavuta. Dawa ilikuwa tayari imeenda kutibu dari.

Daktari akachomeka pampu kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa, ili dawa ingoje humo ndani mpaka mtu aivute kwa nafasi yake. Hapo dani aliweza kabisa. Daktari akatabasamu. Dani akaitoa chupa mdomoni, akaitazama.

"Daktari, mimi ni mama wa kanisa. Nikionekana nyuma ya hema na chupa mdomoni, nani atauliza kwanza kuna nini ndani?"

Nikamwambia watu watadhani ni chang'aa tu, si kitu kibaya sana. Alinifinya chini ya meza bila kuniangalia.

Daktari angeweza kulazimisha, lakini alisema dawa inayoachwa nyumbani kwa aibu haimsaidii mtu. Akaleta kifaa kingine, kidogo, cha mviringo, cha dawa ya unga, kinachoingia kwenye sidiria pale pale dani anapoweka simu. Hiki hakina mambo ya kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Ni kuvuta tu, kwa nguvu na kwa kasi. Akasisitiza: kuvuta. Dani akakiweka mdomoni akapuliza. Siwezi kumlaumu. Maisha yake yote kitu kikifika karibu na mdomo wake kikihitaji pumzi, ni moto wa kuni mbichi. Unga ukatua kwenye masharubu na daktari akazeeka hapo hapo.

Akajipangusa, akatoa kifaa cha mazoezi kisicho na dawa, ambacho hupiga filimbi ukivuta vya kutosha. Dani akapuliza. Kimya. Akavuta kidogo kidogo kama anayeonja chai ya moto. Kimya. Daktari akasema huenda mapafu hayana tena nguvu za kuvuta unga, na macho yake yakarudi kwenye chupa. Dani akainamisha kichwa. Nilijua anaona wifi yake amesimama mbele ya kwaya.

Mambo yakiwa mazito, mimi huleta utani. Sina dawa nyingine.

"Dani, si uvute vile unanyonyaga kichwa cha ngege?"

Kama hujamwona dani na kichwa cha samaki huyo, hujaona kitu. Hubana midomo, mashavu yanaingia ndani, sauti inafika kwa jirani, na ngege anabaki mifupa mitupu, macho yameondoka bila kuaga. Nilijikaza nikingoja kufinywa tena. Badala yake akarudisha kifaa mdomoni, akafumba macho, akanyonya. Filimbi ililia hadi waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia mlangoni.

"Hivyo hivyo, mama," daktari akasema. "Sasa shikilia pumzi. Usiteme mfupa."

Dani alishikilia, kisha akaachia. "Haina chumvi," akasema.

Tukarudi na kile cha unga. Daktari alimwonya akae mbali na moshi, asukutue mdomo kila akimaliza, na arudi akaguliwe. Samaki sasa anawaanika juani, na kila asubuhi nyumba nzima inaamshwa na ule mnyonyo. Mjomba alipolala kwetu aliamka akauliza samaki wanaliwa wapi na mbona hakuitwa.

Makambi yakafika. Pale Homa Bay, chini ya hema, wifi alikuwa amesafisha koo mpaka watu wa safu ya mbele wakampa maji. Mwalimu wa kwaya akamnyooshea mkono dani. Dani akaimba ubeti wote bila kukatika, na alipofika sauti ya mwisho akaishika. Mwalimu akashusha mkono. Kinanda kikanyamaza. Wifi akaketi. Dani bado.