Kadi za Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Sina subira na mtu anayeshika kadi kabla gundi haijakauka. Hapa mtaani kwangu Usagara wanalijua hilo. Hata mume wangu hupita sebuleni kwa ncha za vidole, maana mkeka mzima huwa umejaa kadi, na nani atazifanya upya kama si mimi?

Ile kazi ya bebi shawa, sherehe ya kumtunza mjamzito kabla hajajifungua, ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mteja alikuwa binti aliyeolewa Raskazone, mimba yake ya miezi saba, na alitaka kadi mia mbili za kutengeneza kwa mkono. Kila moja niikunje, niipambe kwa lesi pembeni, nibandike kisoksi cha kitambaa kidogo kama kidole gumba. Nikamwambia, "Mwanangu, si utume kwenye simu kama wenzio?" Akasema hataki kitu cha kufutwa, anataka watu washike. Haya, nikakata visoksi mpaka nikaota lengelenge.

Kwetu pwani mimba haitangazwi, na mimi nalijua hilo. Nguo za mtoto hufichwa sandukuni mpaka azaliwe, wengine hawanunui kabisa kwa kuogopa kijicho. Lakini kazi ni kazi.

Alasiri moja binti alikuwa amekuja kutazama kadi, tukasikia hodi. Akaingia mama mtu mzima, buibui limejaa vumbi la njia ya Moa. Kumbe ni mama mkwe wake, habari zimemfikia huko huko kijijini. Nikampa shikamoo. "Marahaba," akajibu, macho yakiwa mkekani. Akaokota kadi. Mbichi! Kisoksi kikamganda kidoleni.

"Nani kakutuma umwanike mjukuu wangu?"

"Mama, weka chini hiyo kadi, gundi haijakauka!" Wallahi ndivyo nilivyomjibu.

Hakunijali. Akamgeukia mke wa mwanawe. "Na wewe, jina lako peke yako ndilo liko hapa. Huna wazee? Unajialika mwenyewe kama mtu asiye na kwao? Na hilo tumbo tutalikinga vipi na macho ya watu wote hao?"

Kwenye jina alikuwa na haki. Kwetu mwaliko hutoka kwa wazee. Nami nilimuuliza binti siku ile ya kwanza, akaniambia niache hivyo hivyo, nikadhani ndiyo mambo ya kisasa.

Binti akakaa kwenye kiti, mikono juu ya tumbo. "Mama, mimba hii si ya kwanza. Mbili ziliharibika. Nilizificha kama mlivyotufunza, asijue mtu. Sasa zilipoharibika nani angenipa pole? Pole ya nini? Nilirudi kutoka hospitali nikaingia jikoni kupika. Hii nataka ijulikane. Ikikaa, tufurahi wote. Ikiondoka, nisilie peke yangu."

Moyo uliniuma. Nilitaka kumkumbatia, ila mikono yangu ilikuwa gundi tupu.

Mama mkwe akaketi palepale mkekani, juu ya kadi zangu, na safari hii sikufoka. Akawa anakibandua kile kisoksi kidoleni taratibu. Kisha akaniuliza, "Hizi zaweza kuandikwa upya? Andika mimi ndiye ninayealika."

Zote zilikuwa zimekwisha andikwa, tena kwa wino wa dhahabu. Nikamwambia zaweza.

"Mimi yangu ilitoka shambani," akamwambia binti, bila kumtazama. "Kabla ya huyo mumeo. Nikaifukia mwenyewe, nikamaliza kupalilia. Baba yake amekufa hajui."

Binti akateremka kitini kwa shida, akaketi naye chini, akamshika mkono.

"Pole, mama," akamwambia.

Yule mama akaangua kilio mbele yetu, kwa maana pole ya mtoto yule alikuwa hajapewa na mtu yeyote mpaka siku ile.