Mwiko wa Kuvuka Maji

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa jiografia alifungua chupa ofisini, chupa kubwa ya plastiki yenye kitu cheusi ndani, na harufu ikanifikia kabla sijainua kichwa. Mwarobaini uliochemshwa ukachemka tena, shubiri kidogo, na kwa mbali utamu wa sukari guru. Nilikuwa nasahihisha madaftari, kalamu ikasimama. Mwenzangu akanywa kifuniko kimoja, akakunja uso, akajishika kiuno na kusema, "Jamani, mimi hii imenisaidia, msinibishie." Wenzetu wakacheka. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la wanafunzi mpaka kengele ikalia.

Sikutoka kwa sababu alikuwa anasema uongo. Afadhali angekuwa anasema uongo! Inawezekana kabisa kiuno chake kimepata nafuu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ngoja niwasimulie, ninyi mtanielewa.

Nilikulia Busisi, upande wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza mjini, katika nyumba ya bati iliyokuwa na baraza pana. Barazani ndipo Mama alipokuwa akishonea. Alikuwa fundi cherehani, na wanawake walikuwa wakitoka vijiji vya mbali na vitenge vyao kwapani, kwa sababu gauni la Mama lilikaa mwilini bila kukubana wala kukuaibisha. Baba alilima pamba, mtu wa maneno machache. Mimi Kabula nilikuwa mtoto wao pekee, darasa la nne, na nilikuwa na mdomo, sikatai. Mama alizoea kusema nikifa leo, mdomo utabaki unaongea mpaka kesho kutwa.

Mama aliota uvimbe kwenye titi. Akanyamaza nao. Aliyeuona ni mdogo wake, mama mdogo Minza, aliyekuwa akiishi Igoma, Mwanza mjini. Alikuja kututembelea, wakawa wanaoga pamoja bafuni nyuma ya nyumba, nikasikia ukelele. Mama mdogo hakumaliza hata kujifuta maji. Siku hiyohiyo alimvusha Mama kwenda hospitali kubwa, wakamkata kipande, wakapima, wakasema ni saratani ila amewahi. Neno hilo la kuwahi mama mdogo alilishika sana. Alilisema kwa Baba, akalisema kwa majirani, akalisema hata kwa wateja waliokuja kuulizia nguo zao. Mama akaanzishiwa dripu, awe anakwenda na kurudi.

Wakati huo hapakuwa na daraja. Ulikwenda kivukoni, ukasubiri, ukapanda na magari na mbuzi na watu, ukashukia Kigongo, kisha ukatafuta gari la mjini. Mama alikuwa akirudi kutoka kwenye dripu amejifunga kanga usoni ili asisikie harufu ya dagaa, maana akiisikia tu anatapika. Na Busisi utaikwepa wapi harufu ya dagaa? Nywele zikatoka zote. Kucha zikaingia weusi. Sindano ya cherehani ikawa inamshinda kuitunga uzi, akawa ananiita mimi. Daktari wake alikuwa kijana aliyeandika huku akiuliza, na korido nje imejaa watu, kwa hiyo simlaumu sana. Lakini Mama alirudi siku moja akamwambia Baba, "Yule kijana analijua titi langu. Mimi hanijui."

Siku ya mnada Baba alikwenda kuuza majembe ya zamani, akarudi na mtu.

Tulimwita Mtaalamu. Alivaa koti jeupe la daktari, na miguuni kandambili. Sasa, kila mtu nampa haki yake, na huyu nampa ya kwake: alikaa. Aliketi mkekani na Mama tangu jua halijawa kali mpaka ugali ukaiva, akimsikiliza. Alimwuliza analalaje, anaota nini, alinizaaje mimi, ni nani katika ukoo walikosana naye. Alikuwa mkubwa kwa Mama kwa miaka mingi lakini alimwita "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, tena kwa sauti ya chini. Aliushika mkono wake wenye kucha nyeusi na hakuuachia. Mama akalia sana. Halafu, katikati ya kulia, akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu dripu ya kwanza.

Akatoa chupa ya dawa nyeusi, harufu ni ileile ya mwarobaini na shubiri. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kisha akatoa mwiko wake. "Mayu, dawa hii haivuki maji. Ukivuka maji imekatika, na mimi sina namna ya kuiunga."

Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika beseni la kunawia. Alisema "ukivuka". Alikuwa anamwambia Mama na Mama peke yake. Tafadhali lishikeni hilo.

Mnaiona akili yake? Hakumwambia aache hospitali. Angetamka hivyo, Baba angemtoa mbio na koti lake. Alimwambia tu asivuke maji, na hospitali iko ng'ambo! Sisi watu wa ziwani tumezaliwa tukiambiwa maji yana wenyewe, mtu haingii hovyo, hasemi hovyo akiwa juu yake. Mwiko wa maji ukitajwa kwetu hakuna anayeomba maelezo. Angetuambia tusile karanga tungebishana naye. Siku hizi daraja lipo, watu wanapita juu kwa gari huku wanachezea simu, na mimi hujiuliza waganga wamekubaliana vipi: mtu aliyepita darajani amevuka maji au hajavuka? Bila shaka wameshapata jibu linalowafaa.

Basi, Mama akapona. Niseme nini tena? Tulipona nyumba nzima. Siku ileile ya kikombe cha kwanza alilala usingizi wa kukoroma, Baba akaketi kando ya kitanda akisikiliza huku anatabasamu. Akaanza kula. Akamaliza sato mzima na kichwa chake. Baba akaonja dawa kwa ajili ya mgongo, mgongo ukaacha. Mimi nikapewa kwa tumbo la minyoo, tumbo likatulia, au niliogopa kusema halijatulia kwa ule uchungu wake. Jirani akaomba kidogo kwa mtoto wake anayekojoa kitandani. Kuku tu ndio hawakuonja.

Leo najua baadhi ya mambo. Nywele zilirudi kwa sababu dripu ilikuwa imekoma, na kutapika kuliisha kwa sababu hiyohiyo. Lakini siwezi kuyaeleza yote hivyo. Maumivu ya bega yaliyokuwa yakimlaza upande mmoja yalipungua kweli, nilimwona akiinua mkono kuanika nguo. Nimesoma baadaye kwamba mgonjwa akipewa hata kidonge kitupu, na anayempa akamwangalia machoni na kumwambia utapona, maumivu yanaweza kupungua kwelikweli, si kwa kujidanganya. Naamini. Nimeona kwa macho. Ila uvimbe hausikilizi mtu. Uvimbe uliendelea na kazi yake.

Mama mdogo Minza alikuja juu. Alimkuta Mama barazani anashona gauni la harusi la mteja, anaimba, akasimama uani na mkoba begani.

"Dada, wamekuulizia hospitali. Tarehe yako imepita."

"Karibu kiti kwanza."

"Sitaki kiti. Unanywa majani, dada! Mtu anakupa majani, unaacha dawa!"

Mama aliacha kushona. Hakukasirika, na nafikiri ndiyo maana mama mdogo alishindwa. "Mdogo wangu," akasema, "nalala. Unajua ni lini nilikuwa nimelala? Nikipanda tena kile kivuko naanza upya kufa kila siku. Huku angalau nashona."

Mama mdogo akakaa chini akalia. Kulikuwa na jibu la kumpa Mama, nimelitafuta miaka mingi nikalipata: unaweza kulala na ukaenda hospitali. Unywe majani yako, ukaongee na Mtaalamu wako, akushike mkono, na kesho yake uvuke. Mtu huyo angeweza kumsaidia Mama kuvumilia dripu mpaka mwisho, na leo ningekuwa namsifu. Hakutaka. Alitaka awe mganga wake peke yake.

Shule zilipofungwa, mama mdogo aliomba anichukue Igoma. Mama mwenyewe alinifungia mfuko, mwenyewe akanishonea gauni la safari, la njano lenye mfuko wa mbele, akanisindikiza kivukoni. Alisimama akapunga mkono mpaka tukawa mbali. Hakuna mtu siku ile aliyetaja mwiko.

Niliporudi nilimkuta kitandani. Mkono wa upande ule umevimba, titi limetoboka, na chumba kina harufu ambayo sitaieleza. Vikombe vilikuwa viwili asubuhi na viwili jioni, na havikusaidia. Baba akampigia simu Mtaalamu.

Safari hii hakukaa mkekani. Alisimama mlangoni, koti lake jeupe, akavuta hewa puani, akatikisa kichwa. "Nani katika nyumba hii amevuka maji?"

Baba akanitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Lakini shikamoo, mzee, wewe ulisema mgonjwa ndiye asivuke. Hukusema sisi."

"Mliokula naye chungu kimoja ni mwili mmoja. Hilo nalo lilihitaji kusemwa?"

"Hukusema! Nilikuwa na beseni, nilisikia, ulisema ukivuka, ulimwambia Mama…"

"Funga mdomo wako!" Baba alipiga kelele. Hajawahi kunipigia kelele kabla, wala baada ya hapo. Mtaalamu akafunga koti lake vifungo, akasema pole, akaondoka, na hatukumwona tena. Mimi nilimgeukia Mama ili aseme kwamba yeye ndiye aliyenifungia mfuko. Mama alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na huruma, na nikajua ameshamwamini Mtaalamu.

Mama mdogo ndiye aliyekuja na gari, akamvusha bila kuomba ruhusa ya mtu. Hospitali wakasema mmechelewa. Wakatupa dawa za maumivu, wakasema mrudisheni nyumbani akakae na watu wake.

Siku moja asubuhi, amelazwa barazani karibu na cherehani yake ili apate upepo, aliniita. Nikaenda nikapiga magoti. Akaniwekea mkono mzima kichwani.

"Kabula, ulikuwa mtoto, hukujua. Usije ukaibeba hii ukubwani. Mimi mama yako nimekusamehe kabisa."

Mimi mwenye mdomo wangu, ambao yeye alisema utabaki unaongea, sikuongea. Nilisema asante, mama, kama nilivyofundishwa kusema nikipewa kitu.

Kwa miaka nilijua kwamba nilimuua mama yangu kwa kwenda kutembea na gauni jipya. Baba hakulizungumza kamwe, na kutolizungumza kwake kulilithibitisha. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi, nilipokaa nikayapanga mambo haya moja baada ya jingine na kuona ulikuwa mwiko wa nani na ulitungwa kwa ajili ya nani. Dawa ikikubali, sifa ni za Mtaalamu. Ikikataa, lazima apatikane mtu wa nyumbani aliyeharibu. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu, mmoja mgonjwa, mmoja ndiye aliyemleta Mtaalamu. Nani alibaki?

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama zile dawa husaidia, nasema ndiyo, zilimsaidia Mama. Alilala, alikula, alishona, aliimba. Sitamnyang'anya miezi ile, aliipata na alistahili. Hasira yangu iko mahali pengine. Mtu yuleyule aliyempa usingizi kwa maneno, kwa maneno yaleyale alimfanya afe akiamini ameuawa na mtoto wake. Imani ileile ilifanya kazi zote mbili, na ilizifanya vizuri.

Na Mama, kwa wema wake, akanisamehe. Siwezi kuupokea msamaha ule, maana sikukosa. Siwezi kuukataa, maana ndicho kitu cha mwisho alichonipa.