Baraza la Mbao na Unyayo wa Mkwe

Mwezi uliopita nilipiga magoti kwenye baraza la nyanya yangu huko Likoni, leso imefungwa kiunoni, msasa mkononi, nikasugua mbao tangu asubuhi mpaka mgongo ukaanza kunilalamikia. Mpangaji wa nyumba ya pili, mgeni aliyetoka Nairobi, alisimama akaniuliza kwa nini nisiling'oe tu nikaweka vigae. Nikamwambia wazo hilo si geni, limewahi kuletwa hapa hapa pamoja na mifuko yake ya saruji, na mbao bado zipo. Akacheka, akaenda zake kazini. Wewe huna haraka, kwa hivyo keti nikusimulie.

Baraza lile lilijengwa na babu, ambaye sikumkuta. Alikuwa seremala. Wakati wenzake wote mtaani walikuwa na mabaraza ya mawe na chokaa, yeye alileta mbao za mbambakofi akazipigilia misumari mbele ya nyumba, na watu wakamcheka, wakamwambia mti ule ni wa kufanyia milango ya wakubwa, si wa kukaliwa na wachuuzi wa samaki. Babu aliwajibu kwamba kwake yeye mchuuzi wa samaki ni mkubwa. Nyanya alikuwa akilirudia jibu hilo kila alipopata msikilizaji, na akikosa, alituambia sisi wajukuu ambao tulikuwa tumelisikia mara zisizo na idadi.

Baada ya sala ya alasiri baraza lilijaa wanawake. Nyanya alichambua mchele kwenye uteo. Mama mdogo, aliyekuwa bado hajaolewa, alisuka ukili wa mkeka. Mama jirani, mtu wa bara aliyehamia Mombasa na mume wake wa bandarini, alikuja na sahani ya mihogo ya kukaanga iliyonyunyizwa pilipili na ndimu. Wote walizungumza kwa pamoja, kila mmoja akisema na kila mmoja akisikia, na honi ya feri ilipolia hawakunyamaza bali waliongeza sauti. Sisi watoto tulijibana kwenye ncha, wakubwa wapate nafasi, tukalala kifudifudi tukichungulia nyufa za mbao kuona ni nini kimedondoka chini. Kulikuwa na sindano huko, na kokwa za tende, na wakati mmoja jino la dhahabu la mtu ambaye hakupenda kutajwa.

Lakini tangu babu afariki hakuna aliyezishughulikia mbao zile. Masika ilipita juu yake, na jua, na chumvi ya upepo, zikageuka kijivu, zikachanua nyuzi. Sisi wa nyumbani tulijua ubao gani wa kuruka na upi wa kukanyaga kwa kisigino. Wageni hawakujua.

Mjomba, mwana mkubwa wa nyanya, alikuwa ameoa karibuni, na siku moja mama mkwe wake alikuja kutoka Kisauni kututembelea. Akavua viatu kwenye kidato cha chini kama ada ilivyo, akapanda barazani, na hatua ya kwanza tu kibanzi kikamwingia unyayoni. Laiti angepiga kelele! Alisema tu, "Astaghfirullah," polepole, akaketi, damu ikadondoka kwenye ubao. Nyanya alikitoa kibanzi kwa sindano, akapaka mafuta ya karafuu, na mkwe akashukuru na kunywa chai yake yote. Mjomba alikuwa amesimama uani, uso umemshuka. Kwetu sisi mbele ya mkwe mtu hutembea kwa kunyata, na yeye wake alikuwa amemwaga damu kwenye mlango wa mama yake.

Jioni ile ile akaja na uamuzi.

"Mama, mbao hizi zimekwisha. N'taleta fundi azing'oe, atie saruji."

"Wewe waona zimekwisha, mimi naona zimechoka. Aliyechoka hazikwi."

"Mkwe wangu ametoka damu, mama. Nitamtazamaje?"

Nyanya akasema, "Basi na arudi huyo huyo. Siku ya vunja-jungu, kabla Ramadhani haijaandama, mlete. Akichomwa tena, tia saruji yako hata chumbani kwangu. Akikanyaga salama, hili neno sitaki kulisikia tena maishani mwangu."

Mjomba akakubali. Alikuwa mtu wa ahadi, lakini pia alikuwa mtu wa kujiandaa, kwa hivyo kesho yake mifuko ya saruji ilishushwa na mkokoteni ikapangwa ukutani, pale pale ambapo nyanya angeiona kila akifungua dirisha. Nyanya aliifunika kwa gunia ili, alisema, isije ikapata mafua.

Alitania, ila mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja, na nilijua jambo ambalo mjomba hakulijua au alilisahau. Nyanya hakuwa na picha hata moja ya babu. Alichobakiwa nacho ni mbao zile, na alama za nyundo alipokosea msumari. Nilimwona mara nyingi akizipapasa kwa vidole huku akizungumza na watu habari nyingine kabisa.

Kazi ikaanza mwezi wa Shaaban. Tulizamisha misumari iliyochomoza. Tulizing'oa mbao zilizooza upande wa juu tukazigeuza, na kumbe tumbo lake lilikuwa bado jekundu, zima, kama jana. Tulisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga, maji ya kijivu yakitiririka mpaka njiani, wapita njia wakiruka na kusema maneno. Mama jirani alijifunga leso akasugua kutuzidi sote, ingawa Ramadhani haikuwa yake wala vunja-jungu halikuwa lake. Alisema kwao mtu akisikia mwenzake anasugua hawezi kukaa.

Halafu nyanya akaleta ukwaju. Nawe unajua, kwetu sinia la shaba likifubaa husuguliwa kwa ukwaju, likang'aa mpaka ukajiona. Nyanya akaloweka bakuli zima.

"Mama, hii ukwaju tungejaribu kwanza pale nyuma," akasema mama jirani.

"Ukwaju wa kujaribiwa ni wa mchuzi," nyanya akajibu. "Kitu kiwezacho shaba kitashindwa na ubao?"

Na kweli hakikushindwa. Tulipaka, tukasuuza, na ule ukijivu wa miaka ukaondoka, mbao zikatoka na rangi ya asali. Nyanya alitembea juu yake akijisifu. Asubuhi yake mama mdogo alifungua mlango akapiga ukelele.

"Mama! Baraza limeingia ndui!"

Kila msumari ulikuwa umezungukwa na doa jeusi, jeusi tititi. Shaba haina chuma, na baraza la babu lilikuwa limejaa misumari ya chuma. Ukwaju, chuma na mti ule vilikuwa vimekutana usiku kucha vikafanya mambo yao. Tukajaribu ndimu na chumvi, ile dawa ya kutoa kutu kwenye kanzu, tukaanika juani, tukasugua tena. Madoa yakafifia kidogo, yakakataa kuondoka. Mjomba akaja kutoka kazini Changamwe, akayatazama, akalitazama na lile gunia lililofunika saruji yake. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimuudhi nyanya kuliko matusi.

"Ahadi yetu ni ya unyayo," nyanya akamwambia. "Si ya macho."

Tangu siku hiyo hakuijali rangi tena. Alichukua kipande cha kioo kilichovunjika akakwangua ubao baada ya ubao, vinyweleo vya mti vikijikunja mbele ya mkono wake. Kisha akatupa sisi watoto mtandio wake wa hariri, tuushike huku na huku, tuuburute polepole juu ya kila ubao. Ukinasa mahali, hata uzi mmoja, tuite. Tuliita sana mwanzoni. Nyanya alikuja na kioo chake, akakwangua, tukaburuta tena. Mtandio ule uliharibika kabisa na hakuwahi kuusikitikia. Ilipofika siku ya mtandio kupita baraza zima bila kunasa, akapasha moto mafuta ya simsim, akayapaka kwa kitambaa cha leso kuukuu, akayapangusa mpaka mkono ukatoka mkavu. Nyumba nzima ilinukia simsim, hata chai ilikuwa na harufu yake, na mpaka leo nikiisikia mahali najua mahali gani ninapelekwa.

Vunja-jungu likafika. Kulikuwa na pilau, na viazi vya karai, na mahamri na mbaazi za nazi, na kaimati ambazo mama mdogo alizidisha sukari kwa wasiwasi. Wanawake wa mtaa wote walikuja, na wote walisimama chini njiani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga. Mkwe akashuka kwenye gari, mjomba nyuma yake kamshikia mkoba. Akafika kwenye kidato, akayaona yale madoa.

"Na haya je, mkwe wangu?"

"Nimelipaka piko," nyanya akasema bila kupepesa. "Bibi harusi hapokei wageni bila kupambwa."

Mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavua viatu.

Hapo ndipo mjomba aliponaswa na mtego ambao hakuna aliyeutega. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa kesi ile, na adabu haimruhusu mwanamume kutazama miguu ya mama mkwe wake. Basi akageuka. Alisimama ameupa ukuta uso, mkoba kifuani, akisikiliza. Wanawake wote wakanyamaza, na kwenye baraza lile kimya hakikuwa kitu cha kawaida. Tulisikia unyayo wa kwanza ukigusa ubao. Wa pili. Mkono wa nyanya ulikuwa begani mwangu. Mkwe akaenda mpaka mwisho wa baraza, na alipofika akageuka akarudi, safari hii akiburuta nyayo makusudi, polepole, kama tulivyoburuta mtandio. Sijui nani alimwambia habari za saruji. Nadhani mtaa mzima ulikuwa umemwambia.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "geuka. Nimeshakaa, na sijapata kukaa mahali laini hivi tangu niondoke kwetu. Niletewe tambuu nitafune."

Mjomba akageuka. Alimtazama mama yake, akaweka mkoba chini, akamwinamia akambusu mkono mbele ya watu wote. Saruji ile ilitiwa kwenye sakafu ya choo, na nasema kweli, ilitufaa sana. Wageni walipoondoka nyanya alikaa peke yake barazani na kiganja chake kikiwa juu ya ubao, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nilipomsogelea aliniambia nikalete ufagio, watu wamemwaga wali.

Hakuna aliyewahi kutaja saruji tena, na hakuna aliyezing'oa mbao. Mjomba mwenyewe alizipaka mafuta kila mwaka mpaka alipokufa. Walioondoka ni watu. Nyanya alitangulia, Mungu amrehemu, kisha mkwe. Mama jirani na mume wake walirudi bara walipostaafu. Mama mdogo aliolewa Mishomoroni, magoti yake sasa hayamruhusu feri, hunipigia simu tu. Mbele ya baraza ukajengwa ukuta na geti kwa sababu ya wezi, na alasiri kila nyumba hujifungia na televisheni yake. Sisi tulipigania mbao. Haikutujia akilini kwamba kuna kingine cha kupigania.

Kazi yangu nimeimaliza, na sitaona haya kusema nimeifanya vizuri. Ukwaju sikuugusa. Nilikwangua kwa kioo, nikapitisha mtandio, nikapaka mafuta, na ubao unawaka ukipigwa na jua. Alasiri nikafungua geti wazi, nikapika chai ya kutosha watu wengi, nikapanda kukaa. Barabarani watu walipita, wengine wakanisalimu kwa mkono bila kusimama. Chai ikapoa. Ndipo nilipotambua kwamba baraza zima lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimejibana kwenye ncha yake kabisa, mgongo ukutani, nimewaachia wakubwa nafasi.