Konzi ya Mtoto

Siku hizi mtoto hununuliwa kalamu za rangi kabla hajaota meno, kisha akichora farasi wa kijani huambiwa farasi hawi hivyo. Sayrakan hakuwahi kuwa na kalamu ya rangi maishani mwake. Alichokuwa nacho ni gunia la mabaki ya sufu, lililokaa nyuma ya mlango wake mdomo wazi, na mtoto yeyote wa kijiji aliruhusiwa kutia mkono.

Alikuwa mtengeneza mazulia, kama walivyokuwa wanawake wote wa bonde letu kabla malori hayajaanza kutuletea mazulia ya kiwandani. Sufu huchapwa kwa fito mpaka ifumuke, hutandazwa juu ya jamvi la matete, na ile ya rangi hupangwa juu yake kuwa mapambo. Kisha humwagiwa maji ya moto, jamvi huviringishwa, na wanawake hulikanyaga na kulisukuma mpaka sufu ishikane iwe kitu kimoja. Ni kazi ya watu wengi na ya makelele mengi. Na kabla ya maji kumwagwa kulikuwa na desturi ambayo leo ukiitaja, vijana wanakutazama kama umeota. Konzi ya mwisho ya sufu, ile inayojaa kiganja kimoja, ilikuwa ya mtoto. Mtoto mdogo, asiyeanza shule bado, aliitwa, akachagua rangi, akaiweka palipompendeza, hata kama ni juu ya pambo lililowachosha watu wazima asubuhi nzima. Hakuna aliyeigusa.

Sayrakan aliipokea desturi hiyo kwa mama mkwe wake, Kalipa, mwanamke mkali aliyeweza kukunyima chai kwa kosa la kufunga kitambaa cha kichwa vibaya. Mbele ya konzi ya mtoto ukali wake wote ulikwisha.

"Usimwulize mtoto hiki ni nini," alimfundisha. "Ukimwuliza atakutungia jina ili akuridhishe, na kesho ataanza na jina badala ya kuanza na mkono. Wala usimsifu ovyo. Kaa karibu yake unyamaze. Akitaka kusema, atasema."

Hakuna aliyempa Kalipa cheti kwa kulijua hilo. Siku hizi watu wanalipia semina ili waambiwe nusu yake.

Sayrakan alifiwa na mumewe, na mwanawe wa pekee akaenda Urusi kuwajengea wengine nyumba. Akabaki na mkwewe Gulbara na mjukuu wa miaka mitano, Begimay, mwenye ulimi usiolala. Siku moja Begimay alilimwaga gunia lote nje, akapanga vipande vya rangi ya chungwa kutoka mlangoni mpaka zizini, vikubwa, kisha vidogo, kisha vidogo zaidi. Sayrakan akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza kama alivyofundishwa.

"Bibi, huulizi?"

"Siulizi."

"Ni mbwa wetu."

"Mbona simwoni mbwa?"

"Mbwa si amelala ndani! Huku ni kubweka kwake. Hapa mlangoni kunaumiza masikio. Kule zizini kondoo wanasikia kidogo tu."

Sayrakan alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni alimsimulia jirani yake, Burul. "Leo nimeona sauti ya mbwa, shoga yangu. Imelala chini, unaweza kuiruka."

"Umezeeka, basi. Kesho utaonja rangi."

"Na wewe una macho mawili na huoni kitu."

Sayrakan aliapa kwamba konzi ya zulia lijalo itakuwa ya Begimay, maana ule ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya shule. Alitaka mtoto yule aone kazi yake ikishikana na kazi ya watu wazima, isibanduke tena.

Lakini zulia lililofuata lilikuwa na mwenyewe. Gulbara alikuwa amepata mnunuzi wa mjini, mwanamke wa viatu laini, mwenye picha kwenye simu. Alitaka mazulia yanayofanana kama mapacha, ya kutandika hotelini. Tusimwonee Gulbara. Mumewe alikuwa hapigi simu tena, baridi ilikuwa inakuja, na makaa hayakuwapo.

Siku ya kazi wanawake walijaa uani. Mnunuzi alikuja kutazama, akapewa kiti na bakuli la chai. Mapambo yalipokwisha kupangwa, Sayrakan, bila kumwuliza mtu, akaita, "Begimay! Njoo na konzi yako!"

Mtoto alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuja na sufu ya chungwa iliyolowa jasho la kiganja, akapanda jamvini kwa magoti, akaanza kuiweka, vipande vikubwa kwanza, kutoka ukingoni kuelekea katikati ya pambo jeupe.

"Haya, jamani, huyo anabweka!" Burul akasema, na uani kote wakacheka.

Mnunuzi hakucheka. Aliitazama picha kwenye simu, akalitazama zulia. "Hii haimo."

"Ni konzi ya mtoto, dada," Burul akamwambia. "Ina baraka."

"Sikatai baraka. Lakini wageni wangu wataona doa."

Gulbara aliiva uso mpaka shingoni. Alimsogelea mama mkwe wake, akanong'ona, "Mama, nakuomba, itoe. Wewe ndiye mkubwa hapa."

Sayrakan angeweza kukataa. Kwetu mke hambishii mama wa mumewe mbele ya watu. Neno moja tu, na jamvi lingeviringishwa, mnunuzi akarudi mjini na viatu vyake. Lakini aliutazama uso wa Gulbara, akaona jinsi mwanawe alivyomwacha mwanamke huyu abebe nyumba nzima, akaona haya kwa niaba ya mwanawe. Akajidanganya kwamba ikitolewa kwa mkono wa bibi haitauma. Akainama, akaondoa vipande vya chungwa kimoja kimoja kwa kucha, akianza na kikubwa.

"Utaweka kwenye lingine, kipenzi changu."

Begimay hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alibaki kwenye magoti yake, akasema, "Ilikuwa haijafika kwa kondoo."

Maji yakamwagwa.

Mnunuzi hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Aliporudi kuchukua mzigo alimletea mtoto zawadi, boksi la sufu iliyokatwa tayari, maua, nyota na farasi, pamoja na kadi zenye alama za mahali pa kubandika. Juu ya boksi iliandikwa kwamba linakuza ubunifu wa mtoto. Begimay alibandika kila kitu mahali pake. Gulbara akapiga picha, akamtumia mumewe, naye akajibu baada ya kimya kirefu. Majirani wakasema mtoto ana kipaji. Mwalimu naye akasema hivyo hivyo shule ilipofunguliwa. Nyuma ya mlango, panya walizaa ndani ya gunia.

Majani yalipoanza kuanguka, Sayrakan alilikokota gunia nje, akafukuza panya, akatandaza sufu ya kijivu ya kondoo wake mwenyewe. Lilikuwa zulia dogo ambalo hakuna aliyeliagiza. Begimay alikwisha kuanza shule, kwa hiyo kwa desturi hakustahili tena. Sayrakan hakujali. Desturi yenyewe alikwisha kuivunja kwa kucha zake.

"Njoo, mjukuu wangu. Nilikuahidi."

Mtoto alikuja, mikono nyuma. "Picha yake iko wapi?"

"Hili halina picha."

"Sasa nitajuaje?"

"Weka popote. Mwache mbwa abweke."

Begimay alimtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayesema upuuzi. "Bibi, kubweka hakuonekani."

Akachagua sufu nyeupe, akapima kwa vidole kutoka kila ukingo, akaweka duara katikati kabisa, akalipigapiga likae sawa. "Nimepatia?"

Sayrakan alinyamaza, akingoja kama Kalipa alivyomfundisha, labda mtoto ana neno. Mtoto naye alikuwa anangoja.

"Umepatia," akasema mwishowe, na Begimay akakimbia kwenda kucheza.

Zulia hilo liko mlangoni pake, mbwa hulala juu yake. Wageni husifu jinsi duara lilivyokaa barabara. Ni Burul peke yake aliyewahi kumwuliza ni kazi ya nani.

"Yangu," Sayrakan alijibu, akammiminia chai.